Michezo midogo ama mbio za intavali: ipi itampa mchezaji wako pumzi ya handiboli?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na makocha watatu tofauti, wawili wa hapa Eastlands, Nairobi, na mwalimu mmoja wa shule upande wa Dagoretti, na kila mara naanza kujibu kwa mdomo alafu najipata nimechutama nachora kiwanja na kipande cha tofali, kwa hivyo wacha niandike mara moja iishe. Uko na wachezaji 14, kiwanja kimoja cha simiti, jioni mbili kwa wiki, na timu yako inazima dakika ya 45. Zile dakika 20 za pumzi ulizo nazo kwa kila tizi (mazoezi), uwakimbize intavali, yaani mbio za vipande na mapumziko katikati, na filimbi mkononi, ama uwape mpira wacheze 3 kwa 3 mpaka waombe maji?

Sitazungusha, mimi nachagua mpira. Lakini kwa kila timu kuna watu wawili watatu ambao mpira peke yake unawadanganya, na kuna wiki ambazo ukileta hiyo michezo utaumiza mtu, na hapo ndio watu hukosea juu wanachagua upande mmoja kama wanachagua timu ya mpira, Gor Mahia ama Ingwe (AFC Leopards).

Kwanza rodiwaki, zile mbio ndefu za pole pole barabarani, iondoke kwa hii hesabu. Msimu mzima niliamsha wasichana wangu Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, tunakimbia pole pole kando ya Jogoo Road kabla matatu hazijachangamka, kilomita 8, siku nyingine 10, na nikajiona kocha wa maana. Mechi moja tunaongoza kwa mabao 4 dakika ya 44, tukamaliza tumepigwa kwa 3. Mechi ya handiboli ni dakika 30 mara mbili, na kwa hizo 60 mchezaji wa kiwango cha juu anafanya kama kilomita 3 hadi 5 kulingana na namba anayocheza, na sehemu kubwa ya huo muda anatembea ama amesimama tu. Kinachomuua ni vile vipande vya sekunde chache chache, kukimbia kurudi difensi, kusimama ghafla, kuruka, kuvutana na pivoti (yule mshambuliaji anayekaa katikati ya difensi) kwenye laini ya mita 6 mbele ya goli, alafu mpira unaporwa na lazima aende tena na hajapumua. Rodiwaki inakufundisha kwenda pole pole kwa muda mrefu, na kwenye handiboli hakuna mtu atakuomba hicho kitu. Ni sawa ya kurudisha mwili baada ya chapati za Desemba, basi.

Na mchezo unazidi kwenda mbio. Sheria za 2022 zilileta ule mduara wa mita 4 katikati ya kiwanja, kwamba mkifungwa mnaweza kuanzisha mkiwa bado mko kwa mwendo, na refa akiinua mkono kuonyesha mnachelewesha, pasi mlizobaki nazo zikashuka kutoka 6 hadi 4. Kwa hivyo kwenda na kurudi kumeongezeka, na pumzi unayotafuta ni ya kwenda na kurudi.

Sasa tuziweke hizo mbili kando kwa kando.

Mbio: kila mtu na koni yake

Intavali ninazozungumzia sio zile za "zungukeni kiwanja mara 10". Ni sekunde 15 unakimbia, sekunde 15 umesimama, dakika 6, unapumzika 3, dakika 6 tena. Spidi haukisii, unaitoa kwa jaribio la 30-15 ambalo lilitengenezwa na Mfaransa Martin Buchheit: unakimbia sekunde 30, unatembea 15, unaanza na kilomita 8 kwa saa na kila awamu inaongezeka nusu kilomita mpaka ushindwe. Linakimbiwa kwenda na kurudi kwa mita 40, ambayo ni urefu kamili wa kiwanja cha handiboli, kwa hivyo hauhitaji tepu ya kupima, unahitaji simu na spika ya kutoa mlio.

Tuseme Jumanne mmoja wako alishindwa kwa kilomita 17 kwa saa. Unachukua asilimia 95 ya hiyo, unapata kama 16.15, ambayo ni mita 4.5 hivi kwa sekunde. Kwa sekunde 15, ukitoa kidogo ya kugeuka, hiyo ni mita 64. Maana yake anatoka laini ya goli, anafika goli la pili, anageuka na kurudi mita 24, kwa hivyo koni yake inakaa mita 16 kutoka pale alipoanzia. Mwenzake aliyeshindwa kwa 15 anafanya mita 57, koni yake inakaa 23. Hapo ndio uzuri wa mbio ulipo na nitausema bila wivu: kila mtu anaumia kwa kipimo chake, na ukipiga filimbi unaona mara moja nani hajafika kwa koni. Hakuna mahali pa kujificha. Alafu watu 14 wote wanafanya pamoja kwa upana wa mita 20, dakika 15 umemaliza.

Ubaya wake? Hawaji. Mimi nilikuwa naweka mbio Alhamisi, na Alhamisi walikuwa wanakuja 9, na Jumanne ya mpira wanakuja 14. Jam ya Jogoo Road ilikuwa inajua siku ya mbio, sijui nani alikuwa anaiambia. Mchezaji anakutumia mesej saa tisa mchana, "Kocha leo tunacheza ama tunakimbia?" na ukijibu ukweli umeshampoteza. Timu ya shule iko na kengele na mwalimu wa zamu, lakini sisi wa mtaani mtu ametoka kazini Industrial Area amechoka, na mazoezi ambayo haji hayampi pumzi yoyote hata yakiwa yamepimwa na koni.

Kingine ni kwamba mbio zinampa miguu na mapafu lakini hazimfundishi kutoa pasi akiwa anahema. Wangu walikuwa wanamaliza intavali vizuri kabisa, alafu kwa mechi dakika ya 50 mtu anapiga mpira kwa miguu ya mwenzake.

Mpira: inafanya kazi kweli, ama ni starehe?

Hili ndilo swali lenye makocha wa zamani wananiuliza wakiwa wamekunja uso, na ni swali halali. Mwaka 2009 huyo huyo Buchheit na wenzake walichukua vijana 32 wa handiboli wenye umri wa kama miaka 15 na nusu, kundi moja likafanya hizo mbio za 15 kwa 15, lingine likacheza michezo midogo ya handiboli kwa muda unaofanana, mara mbili kwa wiki kwa wiki 10. Makundi yote mawili yaliboreka, kwenye lile jaribio la 30-15 na kwenye kurudia mbio fupi fupi. Hakuna lililoacha lingine mbali, na wenyewe wakaegemea mpira kwa sababu uko karibu zaidi na mechi. Hao walikuwa vijana waliofunzwa vizuri, kwa hivyo usifikirie mpira ni kwa wanaoanza tu.

Lakini michezo midogo ina uongo wake na lazima uujue. Jumanne moja tunacheza 3 kwa 3, kelele, kila mtu anacheka na kupiga makofi, nikaamini imeingia. Nikapiga filimbi nikawaambia wote vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Winga wangu akasema 45, hiyo ni mapigo 180 kwa dakika. Pivoti wangu, dada mmoja ana mabega ya kubeba mlango, akasema 36. Mara 4 ni 144. Wote wako na miaka 22, na ukitumia ile hesabu ya haraka ya 220 utoe umri wanabaki na 198 kama kiwango cha juu, ni makadirio tu lakini yanatosha, kwa hivyo mmoja alikuwa asilimia 91 na mwingine 73. Mchezo ule ule, dakika zile zile. Nikamwangalia pivoti mzunguko uliofuata: alikuwa anakaa mita 6 ya upande wa pili anangoja apewe, na mpira ukipotea anarudi kama mtu anaenda dukani.

Sikumgombeza. Nilibadilisha sheria moja: bao halihesabiwi kama wenzako wote hawajavuka nusu ya kiwanja, na mkifungwa na mwenzenu bado hajarudi nyuma ya nusu, hilo bao linahesabiwa mawili. Wiki iliyofuata shingo yake ikasema 43, yaani 172. Wenzake ndio walikuwa wanamsukuma, mimi nilinyamaza.

Sheria ndio zinaamua kama hiyo ni pumzi ama ni starehe, sio mchezo wenyewe. Zile zinazoongeza moto: mtu kwa mtu kiwanja kizima, kudunda mpira marufuku, pasi 4 tu alafu lazima upige (inafaa kwa ile sheria ya refa pia), na mpira mpya kuingia papo hapo ule mwingine ukitoka. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau na ndio kubwa kuliko zote. Kiwanja chetu kina waya uliotoboka upande wa mtaro, na mpira ukipita hapo ni sekunde 20, 30, watu wameweka mikono kiunoni na mapigo yameshuka. Sasa niko na mipira 5 kando ya kila goli, na vijana wawili wa pale plotini ambao kazi yao ni kuokota, malipo ni mandazi. Kama uko na mpira mmoja tu, kusema ukweli fanya mbio.

3 kwa 3, 4 kwa 4, ama 6 kwa 6?

Ukubwa wa eneo kwa kila mtu ndio unabadilisha kila kitu. Kiwanja ni 40 kwa 20, mita za mraba 800. Mechi ya kawaida, watu 12 bila makipa, kila mmoja ana kama 67. Ukiweka 4 kwa 4 kwa kiwanja kizima kila mtu ana 100, ukiweka 3 kwa 3 ana 133, na hapo dakika mbili zinatosha kumfanya mtu akumbuke jina la mama yake. Ukienda upande mwingine, 6 kwa 6 kwa nusu kiwanja na goli moja, hiyo ni mbinu, na ni muhimu, lakini usiiandike kwa daftari kama mazoezi ya pumzi juu hakuna kurudi difensi, na kurudi difensi ndio kulitumaliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kugawa kiwanja mara mbili ili wote wacheze pamoja. Inaonekana ni akili, 20 kwa 20, 3 kwa 3 kila upande. Lakini ukichora maeneo ya mita 6 pande zote mbili unabaki na mita 8 katikati, watu wanasukumana tu kama wako stejini asubuhi. Ukitaka huo upande mdogo futa eneo la kipa, weka koni tatu tatu badala ya goli na bao ni kuangusha koni. Hiyo ni nzuri kwa mabeki na pivoti, kugeuka na kushikana kwingi, mbio chache.

Kwa watu 14 hivi ndivyo inaingia. Makipa 2 wanabaki golini, 12 wanagawanyika timu nne za watu 3. Mbili zinacheza dakika 2, zinatoka mbili zingine zinaingia, mizunguko 10, dakika 20 zimeisha na kila mtu amefanya 10 za moto na 10 za kupumua. Ukitaka 4 kwa 4, fanya timu tatu, dakika 3 kila mzunguko na dakika moja ya kubadilisha, mizunguko 6: kila timu inacheza minne na kukaa miwili, na kuna mahali inacheza miwili mfululizo, hapo wanaonja. Mimi huanza na 4 kwa 4 wiki za kwanza alafu nashuka kwa 3 kwa 3 ligi ikikaribia. Na msiogope kupumzisha. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, timu ikipanda kutoka Mombasa utaiona inashika magoti mapema, na hata sisi wenyeji tukibana mapumziko sana mtu anaacha kukimbia na kuanza kujiburuta, na hapo unazoesha mwili kujiburuta.

Kujua kama wiki imekuwa nzito, mimi nauliza tu. Baada ya dakika kama 15 ya kupoa, kila mtu ananinong'onezea namba kutoka 1 hadi 10 vile tizi ilikuwa ngumu, isisikike na wenzake juu hakuna mtu anapenda kuonekana laini, na nazidisha na dakika. Dakika 20 kwa 8 ni 160. Nikiona mtu ambaye huwa 7 amepanda 9 kwa mchezo ule ule, kuna kitu: hajala, hajalala, ama goti.

Hapo kwa goti

Kwa kuumia, mbio zinashinda, na sio kidogo. Handiboli inajulikana dunia nzima kwa kukata ligamenti za goti, zile kano zinazoshikilia mifupa, haswa wanawake, na mara nyingi hakuna hata aliyemgusa, ni kutua vibaya ama kukata kona mguu ukiwa umekazwa chini. Michezo midogo imejaa hizo kona. Ongeza simiti yetu ambayo ukianguka inakula ngozi, ongeza mvua za Machi hadi Mei ambapo kiwanja kinateleza kama sabuni. Siku za mvua sichezeshi, tunakimbia ama tunapanda ngazi, na nasema mapema. Na wiki ya mechi ngumu Alhamisi hakuna 3 kwa 3 ya kupigana, nakata mizunguko kuwa 4 ama 5 na kushikana hakuruhusiwi.

Mawinga nao wana shida nyingine kabisa, shida ya kinyume. Kwa kiwanja kidogo hawafiki spidi yao ya mwisho, kabla wafungue miguu laini imefika. Winga wangu wa kushoto alikuwa ananipa mapigo 180 kila Jumanne na bado kwa kaunta (shambulizi la haraka la kujibu) ya kwanza ya mechi akashika nyuma ya paja. Mwili wake ulikuwa umechoka vizuri tu, lakini haukuwa umekimbia kwa nguvu yote kwa wiki tano. Sasa mawinga wanabaki dakika 6 baada ya wenzao, wanakimbia mita 30 hadi 40 kwa spidi yote mara 4, wanatembea kurudi, hakuna haraka. Hiyo sio ya pumzi, ni ya miguu kukumbuka, na hakuna mchezo mdogo utakupa.

Makipa wanapata mikwaju mingi kwa 3 kwa 3 kuliko tizi yoyote, na wanaipenda, lakini usiwahesabie kama wamefanya mazoezi ya pumzi, wao unawapangia yao.

Na aliyetoka kuumia anaanza na mbio, mstari ulionyooka, hakuna kona, alafu namrudisha kwa mpira kama jokeri. Jokeri anavaa bibu (fulana ya juu ya mazoezi) ya rangi yake, anacheza na timu yoyote iliyo na mpira, haruhusiwi kupiga goli na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Beki wangu wa kati alirudi hivyo baada ya kifundo cha mguu kumweka nje miezi miwili. Wiki ya kwanza alikuwa anaupokea mpira na kuutoa kama unamchoma. Ya pili akaanza kuangalia winga kabla hajapokea. Ya tatu alikuja mapema kabla ya wenzake, nikampea ile bibu ya kijani, akanirudishia mkononi. "Kocha, hii mpe mwingine, leo wacha wanishike."